Mkaa wa Mifupa

Maji ya Chai
6 Februari 2024

Mdogo wangu Pudensiana,

Jumapili usije. Hata kama umeshamnunulia mwanangu Meki vitu, wape watoto wa majirani zako hapo Kisongo. Na ukiwa na safari ya Moshi, gari likipita hapa usishushe kioo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu anayo Yoeli. Yake iliangukia kwenye zege kazini. Siwezi kumwambia mume wangu nipe simu niongee na mdogo wangu, huku mama yake amekaa mlangoni anasikiliza. Barua anakuletea Naisiae, yule wa parachichi, anayeshusha mzigo soko la Kilombero. Ukinijibu, mpe yeye mwenyewe mkononi.

Agnela amefariki. Yule binti wa shemeji yangu Prosper, aliyekuwa anakuja kucheza na Meki na kumvuta kwa mkono kila mahali. Ilikuwa homa tu, Pude. Jumatatu aliumwa kichwa, Jumatano akawa hayupo. Na kwa Prosper walikuwa na ndoo yenu ya kuchujia maji, kama sisi.

Msibani, tukiwa tunamenya ndizi, mama mmoja akauliza, "Hivi mnajua ile mikaa myeusi ndani ya zile ndoo ni nini? Ni mifupa." Mwingine akauliza, "Mifupa ya nani?" Hakuna aliyemjibu, na ule ukimya ndio ulioharibu kila kitu. Tunamaliza kuzika, kila mtu anajua kwamba ni mifupa ya watu, kwamba wapima maji wa kazini kwenu wanachukua mikojo ya watoto ili wajue ni yupi damu yake iko tayari, na kwamba Agnela alichaguliwa.

Mama mkwe aliibeba ndoo yetu kwa kuizungushia khanga ili mkono wake usiiguse, akaiweka nyuma ya banda la ng'ombe. Akasema, "Nyumbani kwangu maiti hailali." Kisha akanigeukia mwili mzima, maana unajua shingo yake haigeuki: "Na huyo mdogo wako asikanyage hapa tena."

Yoeli alikuwa anakula. Akaendelea kula.

Sasa nakuuliza jambo na usinikasirikie. Siku ulipoileta ile ndoo nilikuuliza mle ndani mna nini, ukacheka, ukasema, "Dada, ukijua hutakunywa." Ulikuwa unatania. Mimi nimekubeba mgongoni kule Rombo, nakujua tangu hujaota meno. Lakini tangu msiba nasikia kile kicheko nikiwa nashona, nikiwa napika.

Ni mifupa ya nini?

Dada yako,
Sabina


Kisongo, Arusha
8 Februari 2024

Dada Sabina, shikamoo.

Pole sana kwa Agnela. Nimekaa na barua yako mezani nashindwa kuanza.

Ni ng'ombe. Mifupa inatoka machinjioni kwenye magunia, ina mabaki ya nyama na nzi juu yake. Tunaichemsha, tunaikausha, tunaichoma kwenye tanuru lililozibwa mpaka inakuwa myeusi, kisha tunaisaga iwe chembechembe. Kazi yangu mimi ni kuzipaka chembe hizo unga wa madini ili zidumu na kufanya kazi muda mrefu zaidi. Huo ndio utafiti wenyewe. Nilicheka siku ile kwa sababu wewe una kinyaa, hata utumbo hujawahi kula. Hakuna zaidi ya hapo.

Naomba unisikilize vizuri, na umweleze Yoeli. Maji yenu yanapita kwenye miamba ya Mlima Meru, miamba ya volkano, na humo yanachukua madini ya floraidi. Huyaoni, hayana harufu, na ukichemsha maji hayaondoki. Kidogo hayadhuru, ila ya kwenu si kidogo. Watu wanayaona meno yao yalivyo ya kahawia, wanadhani mambo yanaishia hapo. Hayaishii hapo. Floraidi hukimbilia mfupa. Ikiingia tumboni inatafuta mfupa, hasa mfupa wa mtoto unaojijenga, inakaa humo na kuuharibu. Ndiyo sababu tunatumia mifupa, dada. Tunaweka mfupa wa ng'ombe njiani ili floraidi inase pale, isifike kwa Meki.

Agnela alifariki kwa nini, sijui. Sitasema nisilolijua. Lakini maji yanayotoka kwenye zile ndoo tumeyapima mara nyingi na ni salama.

Kuna jambo sikukwambia. Mkojo wa Meki tuliopima kabla ya Krismasi ulikuwa na floraidi nyingi mno. Nilijipa moyo kwamba ndoo ilikuwa bado mpya, nikangoja kupima tena. Sasa siwezi kuja, na ndoo iko nyuma ya banda. Msimamishe, vifundo vya miguu vigusane, halafu uangalie magoti. Yakiachana, niambie. Usinifiche.

Mimi niko salama. Kazini kumetulia.

Mdogo wako,
Pudensiana


Maji ya Chai
13 Februari 2024

Mdogo wangu,

Niliposoma neno ng'ombe nilikaa chini nikalia. Nikamwambia Yoeli. Akasema, "Najua."

"Unajua, na umenyamaza?"

"Nikisema, Prosper atafanya nini na hasira yake?"

Nikarudi kwenye cherehani.

Meki hajambo. Nimempima magoti kama ulivyoagiza, yako sawa. Amekuwa mvivu tu siku hizi. Anapenda kubebwa, na akitembea kidogo anakaa chini, anakamata nyasi, anasema amechoka. Nadhani anamkumbuka mwenzake. Bibi yake amemchukua alale chumbani kwake na anampikia mwenyewe. Anampikia makande laini, anatia magadi mahindi yaive mpaka yanayeyuka, anasema mimi namlisha mtoto mawe. Na mtoto anakula vizuri, siwezi kudanganya. Mchana akilala, bibi anamfunga miguu kwa vijiti viwili na vitambaa ili ikue vizuri. Anasema wanawe wote aliwafunga hivyo hivyo.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nikuulize na mimi. Watu wanasema gari la wapima maji lilipigwa mawe siku ileile niliyokuandikia, pale karibu na daraja, dereva akavuja damu. Naisiae anasema alimwona kando ya barabara msichana mwembamba amevaa koti jeupe, ameshika kichwa cha mtu mapajani, anapiga kelele. Hakumwona uso.

Si wewe, eti?

Sabina


Kisongo
15 Februari 2024

Dada,

Miguu iliyo sawa haifungwi vijiti.

Tumeshafichana vya kutosha, basi nianze mimi. Ndiyo, nilikuwemo. Aliyekuwa anaendesha ni Lemomo, fundi wetu wa maabara. Tulikuja kuzichukua ndoo kwa amani, tuzirudishe mjini. Watu wakatuzunguka. Lemomo akashusha kioo, akawaambia, "Jamani, ni ng'ombe! Mimi ni Mmasai, nitawadanganya kuhusu ng'ombe?" Alikuwa anacheka, dada. Baadhi yao wakaanza kucheka pia, mimi nikaanza kupumua. Jiwe likaja wakati huo. Madaktari wamefanya walichoweza, lakini jicho la kushoto halitaona tena.

Tangu siku ile nikisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja, hata kanisani, naachia kilicho mkononi. Nimeshavunja vyombo vya maabara. Nilisema niko salama kwa sababu sikutaka uniogopee, na nikiri pia kwamba niliogopa ukijua hutaandika tena.

Sasa magadi. Mwambie bibi aache, leo hii, hata kama atakuchukia. Magadi yana floraidi nyingi kuliko hata maji yenu. Tuliyapima ya sokoni, nikadhani mashine imeharibika, nikarudia. Lile bakuli la makande laini ni sumu ya mifupa, na anampa kwa mapenzi yote. Mpe Meki maziwa, mpe dagaa, mpe maji ya mvua kama mna hata ndoo moja ya kukingia. Na vile vijiti vifungueni. Mfupa wa mtoto ulioathirika haunyooshwi kwa nguvu. Mpelekeni hospitali.

Niambie ukweli kuhusu magoti yake. Jumamosi nakuja, watanifanya watakavyo.

Pude


Maji ya Chai
16 Februari 2024

Pudensiana, usije kesho. Naisiae anaondoka sasa hivi na mzigo, naandika ananisubiri mlangoni.

Wamekuja leo mchana. Nilikuwa nashona sare za shule, nikasikia ng'ombe anahangaika, nikatoka. Wanaume wengi, baadhi nawajua, mmoja nimemshonea suruali ya harusi. Mbele yao Prosper. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda, akarudi na ndoo, akaipiga kwa shoka mbele yangu. Zile chembe nyeusi zikamwagika uwanjani, kuku wakaja kuzichakura wakidhani ni chakula. Watu wakarudi nyuma kama wameona nyoka.

Prosper akasema, "Shemeji, Agnela alikunywa hii. Nilimpa kwa mkono wangu huu. Nilimwambia, kunywa mama, haya ndiyo maji safi."

Akaanza kulia, shoka bado liko mkononi. Nikasema ni ng'ombe, Prosper, ni mifupa ya ng'ombe. Akaniuliza, "Nani amekwambia? Yeye?" Na alipolitaja jina lako alilitaja lote, Pudensiana, taratibu, kama anayejifunza kulisoma. Amesema akikuona Maji ya Chai hatatumia maneno.

Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote, Meki yuko nyuma ya gauni lake. Yoeli alikuwa kazini. Nilimwambia mama habari ya magadi, hapohapo. Nilichagua saa mbaya. Akasema, "Mmeshamaliza mmoja, sasa mnataka na huyu asile." Akaingia na mtoto, akafunga mlango kwa ndani.

Magoti yake yameachana. Ngumi yangu inapita katikati. Ni matege, Pude, niliyaona tangu mvua za mwaka jana nikajiambia watoto wote hutembea hivyo. Sikukwambia kwa sababu nikiandika itakuwa kweli.

Naisiae ananiita. Usije, ukimpenda Meki usije.

S.


Arusha mjini, hospitali
21 Februari 2024

Shemeji Pudensiana,

Barua hii anakuletea Prosper mwenyewe, getini kazini kwenu. Usimkimbie. Nimemtuma yeye kwa sababu hakuna mwingine mwenye gari hapa, na kwa sababu ameomba. Hakusema kwa nini ameomba.

Ningekupigia, lakini kila nikianza kupiga nakata simu. Sabina hawezi kuandika. Hawezi hata kula.

Jumapili baada ya ibada mama alikuwa anamfunga Meki vijiti. Mimi nilikuwa sebuleni, mlango uko wazi. Mtoto alikuwa analia kama anavyolia siku zote, akavuta mguu, mama akakaza kitambaa. Nikasikia mlio. Mama akasema ni kijiti. Nikaangalia, vijiti vyote viwili vilikuwa vizima.

Mtoto alinyamaza. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Alinyamaza, akawa ananiangalia tu.

Nilikimbia barabarani kutafuta usafiri nikiwa nimembeba, Sabina nyuma yangu. Gari la kwanza kusimama lilikuwa pikapu la Prosper. Alimwangalia mtoto, akatoka akamfungulia Sabina mlango wa mbele. Pale Tengeru kulikuwa na foleni, akapita pembeni kwenye vumbi, taa zimewaka, akipiga honi bila kuacha.

Mguu wa kulia umevunjika juu ya goti. Wamemfunga hogo la plasta. Daktari alipiga eksirei ya miguu yote miwili, akaiweka kwenye taa, akatuuliza, "Mnatoka Maji ya Chai, eh?" Na sisi hatukuwa tumemwambia.

Mama alikuja nyuma na basi. Daktari alimwona anavyogeuka mwili mzima ili kuangalia ile picha, akamwomba naye apigwe. Zikawekwa picha mbili pamoja. Mifupa ya mtoto imepinda. Ya mama mgongo wote mweupe, pingili zimeungana kama muwa. Mama aliuliza, "Huyo ni nani?" Daktari akasema, "Ni wewe, bibi." Akaeleza yaleyale uliyoandika. Maji, na magadi. Tangu hapo mama amekaa kwenye benchi nje ya wodi, watu wakija anasogea.

Sabina hasemi na mama. Jana aliniambia wakimruhusu mtoto anakwenda naye Rombo kwa wazazi wenu na harudi. Sijui kama anamaanisha.

Njoo. Prosper atakuleta. Nimemwambia asikuguse, akaniangalia kama mimi ndiye mwendawazimu.

Shemeji yako,
Yoeli


Kisongo
10 Machi 2024

Dada Sabina, shikamoo.

Hupokei simu ya mtu yeyote, na mama yetu hapo Rombo anasema ukisikia inalia unatoka nje kwenye migomba. Basi nakuandikia tena.

Hospitali hukuniuliza nilifikaje, ulikuwa umelala kwenye kiti umeshika mkono wa Meki, nami sikutaka kukuamsha kwa hadithi. Nataka uijue.

Mlinzi aliniita kwamba nina mgeni. Nilimwona Prosper kupitia kwenye nyavu za geti. Amesimama kando ya pikapu, ameshika barua kwa mikono miwili. Nilirudi nyuma, dada. Nilijishika ukutani. Mlinzi akauliza, "Nimfukuze?" Nikataka kusema ndiyo. Nikasoma barua ya Yoeli palepale, huku kati yetu kuna geti, kisha nikapanda gari lake kwa sababu ya mtoto. Nilikaa nimeshika kitasa cha mlango njia nzima. Na yeye alikuwa anaendesha polepole mno, kama amebeba mayai.

Alisimamisha gari kwenye maegesho ya hospitali, hakuzima injini. Akasema, "Kabla hujashuka. Wewe umesoma. Nilimpa mtoto wangu maji yenu. Niambie."

Nikamwambia sijui, nitauliza. Nilimwacha pale nikaingia kwenu, na kesho yake nikaenda kwenye zahanati walikompeleka Agnela, kisha kwa daktari wa watoto hapa mjini aliyepokea vipimo vyake. Ilinichukua siku kadhaa, na kila siku Prosper alikuwa nje ya wodi ananingoja, haniulizi, anasimama tu ninapopita. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wazazi walifika wakiwa wamechelewa, kama wengi wanavyochelewa, kwa sababu inaanza kama malaria. Nilimpelekea Prosper karatasi ya daktari. Hakuitazama.

"Kwa hiyo siyo maji niliyompa?"

"Siyo, kaka Prosper."

"Siyo mkono wangu?"

"Siyo."

Alikaa chini pale pale kwenye lami, kati ya magari, akaweka kichwa kwenye magoti. Nilikuwa namwogopa mtu huyu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na nilikaa chini karibu naye kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Baadaye akauliza Lemomo anakaa wapi. Nikamwambia Sombetini. Sijui kama amekwenda, na kama ndiye aliyerusha lile jiwe sijamuuliza. Naogopa kumuuliza.

Taasisi yetu imefunga utafiti huko Maji ya Chai. Wamesema usalama wa wafanyakazi kwanza, na siwezi kubisha, nimeliona jicho la Lemomo. Ndoo zilizobaki zimerudishwa. Watoto wote tuliowapima, majina yao ninayo kichwani, wanaendelea kunywa yaleyale maji. Kuna mmoja anaanza kutembea mwezi huu.

Sitakuambia umsamehe mama mkwe wako. Nilikuta amekaa kwenye lile benchi, nikamsalimia, akaniuliza swali moja tu: kama Meki anaumia sana. Nikamwambia sasa hivi haumii. Akasema asante.

Hapo Rombo mpe maji ya mvua. Maziwa usiyakose. Tarehe ya kliniki usiiache hata kama una hasira na dunia nzima.

Mdogo wako,
Pude


Maji ya Chai
1 Septemba 2024

Mwanangu Pudensiana,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Anayeandika ni Yoeli, maneno ni yangu mimi mama yake. Nimemwambia asiyapambe.

Dada yako amerudi mwezi wa saba, hilo unalijua. Hakuja kwangu, alikuja kwa mume wake. Tunakaa nyumba moja, ananisalimia asubuhi, ananipa chakula. Jikoni siingii. Juzi aliniletea maharage nichague. Nilichagua mpaka jua likazama ili nisimalize.

Meki anatembea. Hogo limetolewa. Anachechemea, anaanguka, anainuka. Mimi nikimwona anaanguka natamani kumshika, sithubutu. Mikono yangu naikalia.

Sasa nikwambie mambo ya huku. Nilikwenda kwenye umoja wa wanawake usharikani na ile picha ya mgongo wangu. Nikaibandika dirishani, jua likaingia. Mmoja akauliza, "Mgongo wa nani huo?" Nikasema wangu. Nikawaambia maneno ya daktari, maji na magadi. Wengine walitoka nje. Mmoja alisema wazungu wamenipiga picha ya uongo, nikamwambia daktari mwenyewe ni Mpare. Wakacheka kidogo. Mke wa mwenyekiti wa kitongoji akaja kunipapasa mgongo kwa vidole, pingili kwa pingili. Kisha akajishika shingo yake mwenyewe. Akajaribu kuigeuza. Tulipomaliza alitoka bila kuaga.

Prosper ametufungia mabati ya kukingia mvua, na tenki. Maji hayo ni ya Meki na ya watoto wa Prosper wawili waliobaki, watu wazima tunakunywa ya bomba. Lakini ni kiangazi. Nagonga tenki kila asubuhi nasikiliza, na maji yanazidi kushuka. Likikauka kabla ya mvua za vuli, sijui tutamnywesha nini. Wapo wanawake, si wengi, wanaouliza kama zile ndoo zinaweza kurudi. Wanauliza kwa siri. Bado wanaogopa mifupa, na mimi siwezi kuapa juu ya kitu ambacho sijakiona.

Nina maswali mawili. Daktari nilimuuliza, akanijibu kama mtu anavyomjibu mzee, akanipa dawa za maumivu. Dada yako siwezi kumuuliza. Nakuuliza wewe kwa sababu nilikufukuza kwangu, kwa hiyo huna deni la kunionea haya.

La kwanza. Mimi nilifungwa vijiti na mama yangu, na wanangu niliwafunga. Kifungua mimba wangu alitembea na fimbo mpaka alipofariki. Je, ni mikono yangu iliyomvunja Meki, au mfupa ulikuwa umeshaharibika?

La pili. Ile picha ya mgongo. Nikiacha magadi, nikipata maji mazuri, nitapona?

Nijibu kweli. Yoeli ameahidi kunisomea yote, hata akikuta neno gumu.

Elihuruma, Mama Yoeli


Kisongo
8 Septemba 2024

Mama Yoeli, shikamoo.

Yoeli, msomee yote kama ulivyoahidi.

Nianze na maji, maana tenki halingoji. Nimezungumza na wakuu wangu. Hawako tayari kurudi kijijini kwa utafiti, lakini wamekubali jambo moja: wanawake wanaotaka ndoo waje hapa Kisongo kwanza, waone. Nitawafungulia magunia. Mtaona pembe, mtaona kwato, mtawasikia nzi na harufu, mtakaa mpaka tanuru lizimwe na mkaa utoke. Lemomo ndiye atakayewaonyesha, ameomba mwenyewe. Amesema ana jicho moja la kuwatazama nalo. Halafu kila mama ataamua, na atakayekataa arudi nyumbani na amani yake. Kwa Meki nitaleta ndoo mwenyewe wiki hii, tenki lisije likakauka. Nitashuka stendi mchana. Nawaomba Sabina na Yoeli waje wanipokee, kwa sababu bado naogopa, na sioni haya kusema.

Daktari amenionyesha picha mpya za miguu ya Meki. Wa kushoto umeanza kunyooka wenyewe, unaonekana. Wa kulia bado. Huenda ukahitaji upasuaji akikua, huenda usihitaji, anayejua leo hayupo. Kila wanapoiweka picha kwenye taa nashindwa kutazama mara moja, natazama sakafuni kwanza.

Sasa maswali yako. Nimeandika jibu nikalichana, kwa sababu lilikuwa zuri kupita ukweli.

Mfupa ulikuwa umeshaharibika, mama. Mtoto mwenye mfupa mzima angelia, angepigapiga miguu, akaamka na kwenda kucheza. Lakini siku ile ulivunjika kwa sababu ya kukazwa. Ni vyote viwili. Hukujua, na hukuwa na mtu wa kukuambia. Mimi mwenyewe nilileta ndoo kwako nikacheka badala ya kukaa chini nikueleze. Ila nikisema mikono yako haikuwemo, utajua nakudanganya, na hutaniamini nikikwambia la pili.

La pili ni hapana. Maumivu yanaweza kupungua. Ukiacha magadi na ukapata maji mazuri, hayatazidi kama ambavyo yangezidi, kwa hiyo kunywa na wewe ya ndoo, usijinyime. Lakini pingili zilizoungana haziachani. Hakuna dawa ya hilo hapa, na hata huko ng'ambo sijaisoma popote, nami nimesoma kila nilichokipata.

Shingo yako haitageuka tena, mama. Ukikaa nje na Meki anakimbia nyuma yako, ukasikia anaanguka, usihangaike kujigeuza. Mwite kwa jina, aje mbele yako umwone. Nimeshamwomba dada, na amesema atamfundisha.

Pudensiana